Tukirudie kijitabu cha Rudolph

Kila mwezi wa Desemba unapowadia, redio na maduka katika nchi nyingi za ulimwengu, zetu zikiwa miongoni mwao, hupiga wimbo mmoja unaomhusu kulungu wa nchi za theluji aitwaye Rudolph, mwenye pua nyekundu ing'aayo kama taa. Watoto huuimba hata katika miji ambayo theluji haijapata kuanguka tangu dunia kuumbwa. Wengi hudhani kwamba habari za kulungu huyo ni ngano ya kale, iliyorithiwa kutoka kwa mababu wa watu wa Ulaya pamoja na mti wa Krismasi. Sivyo hata kidogo. Hadithi hiyo ina mwaka wake, ina mwandishi wake, na ina kampuni iliyoigharimia. Wala haikuanza kama wimbo au sinema. Ilianza kama kijitabu cha karatasi kilichogawiwa bure, na nakala zake za kwanza leo ni adimu.

Tunaona yafaa kukirudia kijitabu hicho, kwa sababu baina yake na sinema iliyokuja kukifunika pana jambo lililobadilika. Jambo lenyewe linamhusu kila mzazi na kila mwalimu.

Kampuni ya Montgomery Ward ya mjini Chicago, Marekani, ilikuwa na desturi ya kununua vitabu vya watoto vya kupaka rangi na kuwagawia wateja wake bure wakati wa Krismasi. Mwanzoni mwa mwaka 1939 wakuu wake waliona kuwa ingekuwa nafuu kutengeneza kijitabu chao wenyewe. Kazi hiyo akapewa Robert L. May, mwandishi wa matangazo ya biashara mwenye umri wa miaka 33. Hakuna haja ya kuficha ukweli huu: hadithi ya Rudolph ilizaliwa ili kuvuta wateja dukani. Lakini aliyeiandika hakuwa katika hali ya kufikiria biashara peke yake. Mkewe, Evelyn, alikuwa akiugua kansa, na gharama za matibabu zilikuwa zimemwingiza katika madeni. Mwezi wa Julai mwaka huo mkewe akafariki dunia, akimwachia binti wa miaka minne. Mkubwa wake kazini alimwambia kwamba angeweza kumpa mtu mwingine kazi ile. May akakataa, na mwishoni mwa mwezi wa Agosti akaimaliza. Watu wa kwanza kusomewa hadithi hiyo walikuwa binti yake na wazazi wa marehemu mkewe.

May alikuwa na sababu ya kumchagua shujaa wa namna ile. Alipokuwa shuleni aliruka madarasa, hivyo akawa mdogo kuliko wenzake kwa umri na kwa umbo, tena mwenye haya. Aliyajua maisha ya mtoto achekwaye. Wakuu wake walisita kwanza, kwani katika macho ya watu wa wakati ule pua nyekundu ilikuwa alama ya mlevi. May akaenda na mchoraji Denver Gillen katika bustani ya wanyama ya Lincoln Park, na michoro ya Gillen ndiyo iliyowatoa wasiwasi. Krismasi ya mwaka 1939 kampuni ikagawa nakala zipatazo 2,400,000.

Kisha vita vikuu vikaleta uhaba wa karatasi, na uchapishaji ukasimama hadi mwaka 1946, zilipogawiwa nakala nyingine zipatazo 3,600,000. Mwanzoni mwa mwaka 1947 kampuni ilifanya jambo lisilo la kawaida katika ulimwengu wa biashara. Hakimiliki ya hadithi ilikuwa mali yake, kwani May aliiandika akiwa mwajiriwa, lakini mkuu wa kampuni, Sewell Avery, alikubali apewe mwandishi. Mwaka 1948 ikatoka sinema fupi ya katuni iliyoongozwa na Max Fleischer, bingwa aliyewaletea watu katuni za Popeye, nayo iliifuata hadithi ya kitabu kwa ukaribu. Mwaka 1949 Johnny Marks, shemeji yake May, akatunga wimbo, mwimbaji Gene Autry akauimba, na sahani zake zikauzwa kwa mamilioni.

Hapo ndipo kijitabu kilipoanza kupotea machoni. Kilikuwa chepesi, chenye jalada la karatasi, kimetolewa bure, na kimetiwa mikononi mwa watoto wadogo. Walikichorachora, wakakichana, na sikukuu ilipokwisha kikatupwa pamoja na makaratasi ya zawadi. Kitu kisichonunuliwa mara nyingi hakitunzwi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kijitabu hiki ni ushahidi wa usemi huo.

Hasara yake ilidhihirika mwaka 1964. Kampuni ya Arthur Rankin na Jules Bass iliamua kutengeneza sinema ndefu zaidi ya Rudolph kwa ajili ya televisheni, kwa kutumia vikaragosi vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, kazi iliyofanywa na mafundi wa Tokyo, Japani. Aliyeandika mchezo huo, Romeo Muller, alieleza baadaye kwamba angependa kukitumia kitabu chenyewe, lakini hakupata nakala. Msomaji na azingatie jambo hili. Nakala karibu milioni 6 zilikuwa zimechapwa, lakini miaka 18 tu baada ya mgawo wa pili mtu aliyeihitaji hata moja aliikosa. Ikambidi ajenge juu ya wimbo. Na wimbo ule hausemi neno lolote kuhusu wazazi wa Rudolph, wala nyumba yao, wala malezi yake. Pengo hilo Muller alilijaza kwa fikira zake mwenyewe.

Tulinganishe basi. Katika kijitabu cha May, Rudolph si mtoto wa mmoja wa kulungu wanaolivuta gari la mzee Santa Claus, wala haishi kwenye Ncha ya Kaskazini. Anaishi katika kijiji cha kawaida cha kulungu. Wenzake wanamcheka, naye analia. Lakini nyumbani kwao ana wazazi wampendao, wasioionea aibu pua yake, na yeye mwenyewe hajidharau. Usiku wa kuamkia Krismasi ukungu unakuwa mzito, Santa anahangaika angani na kujikwaa katika vyumba vyenye giza, hata nusura agongane na ndege. Anapoingia nyumbani kwa Rudolph kuweka zawadi, kama alivyoingia katika nyumba nyingine zote, anaona chumba kimejaa mwanga. Hakutumwa mtu kumtafuta Rudolph. Mzee amekuja kumletea mtoto zawadi, akakuta mtoto anao msaada wa kumpa, akamwomba kwa adabu. Kabla ya kuondoka, Rudolph anawaandikia wazazi wake barua fupi kuwajulisha alikokwenda ili wasiwe na wasiwasi.

Barua hiyo ni jambo dogo, lakini kwa maoni yetu ndiyo moyo wa hadithi nzima. Mtoto haachi barua ya namna hiyo ila anajua kwamba yuko mtu atakayehangaika akikuta kitanda kitupu.

Katika sinema ya mwaka 1964 mambo ni kinyume. Rudolph ni mwana wa Donner, mmoja wa kulungu wa Santa. Anapozaliwa na pua yake, baba mtu anaona aibu, anaipaka matope, kisha anamvika pua ya bandia. Pua ya bandia inapodondoka mbele ya wenzake, wanamcheka, na mwalimu wa michezo anatangaza kwamba asishirikishwe tena. Santa mwenyewe, ambaye watoto hufundishwa kumwona kuwa mfano wa wema, hamtetei, bali anamwambia baba kwamba angepaswa kuona haya. Mtoto anatoroka. Kweli, mwishoni anarudi, na wakubwa wanakiri kwamba walikosea. Baadaye ukungu unaingia, na ile pua iliyokuwa fedheha inaonekana kuwa taa.

Wako watakaosema kwamba sinema ndiyo yenye ukweli zaidi, kwa kuwa duniani wako wazazi wanaowaonea haya watoto wao, na ni vyema jambo hilo lionyeshwe hadharani na lilaumiwe. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Sinema ile imeonyeshwa nchini Marekani kila mwaka tangu mwaka 1964, na haikudumu hivyo bila sababu. Imewatetea wanyonge, na imewapa faraja watoto wengi waliojiona wako peke yao. Tena watazamaji wake wa kwanza walionyesha kwamba wana macho. Katika onyesho la mwaka 1964 Santa aliahidi kuvichukua vichezeo vyenye kasoro vilivyotupwa katika kisiwa cha upweke, lakini hakuonekana akiitimiza ahadi yake. Watu waliandika barua kulalamika, na mwaka 1965 sehemu mpya ikaongezwa kuonyesha anakwenda kuvichukua. Watoto walijua kwamba ahadi ni deni.

Hata hivyo, twaona kwamba hadithi inayosimuliwa kila mwaka huacha alama ambayo maneno machache ya msamaha mwishoni hayawezi kuifuta yote. Mtoto atazamaye anaona wakubwa wote waliomzunguka Rudolph wakimkataa mmoja baada ya mwingine. Anaona pia kwamba heshima kamili inakuja siku pua ile inapohitajiwa kwa kazi. Wimbo nao, kwa ufupi wake, hauachi nafasi ya fikira nyingine: kwanza dhihaka, kisha huduma, ndipo upendo. Ni rahisi kwa mtoto mwenye kasoro ya mwili, au mwenye kigugumizi, au mgumu wa kuelewa darasani, kutoka hapo na swali zito: je, na mimi ambaye pua yangu haitoi mwanga?

Tuseme haki: hata katika kijitabu, wale waliomcheka Rudolph hubadilika baada tu ya kumwona ameheshimiwa na mkubwa. May hakudai kwamba walimwengu ni malaika. Aliwaacha walimwengu kama walivyo, lakini akamwekea mtoto nyumba ya kurudi. Tofauti hii haikutoka hewani. Aliyeandika alikuwa baba aliyebaki na binti asiye na mama, akimsomea kurasa zile jioni baada ya kazi. Mtu wa namna hiyo hangeweza kuandika habari ya baba anayempaka mwanawe matope usoni.

Basi tunapendekeza nini? Hatusemi sinema isitazamwe. Hadithi hubadilika kadiri inavyopita vinywani, na hilo si dhambi. Tunasema wazazi na walimu wanaowaonyesha watoto sinema hiyo wawasimulie pia ile ya kijitabu, kisha wawaulize ni nyumba ipi kati ya hizo mbili wangependa kukaa. Majibu yao huenda yakawafunza wakubwa mengi. Karatasi za kazi za May zimehifadhiwa katika Chuo cha Dartmouth, alikosoma, na yamepata kuchapwa matoleo yanayofuata lile la mwaka 1939. Kwa hiyo kilicho adimu leo ni nakala ya zamani. Maneno yenyewe hayajapotea, ila yamesahauliwa, na kusahau kuna dawa.

Pia tunasema neno moja juu ya utunzaji. Maktaba na watu binafsi wasidharau vijitabu vya bei ndogo, au vya bure, kwa sababu tu havina jalada gumu. Hadithi nyingi za watoto zilizochapwa katika lugha yetu zimo katika vijitabu vyembamba vya namna hiyo hiyo, na miaka 18 ni muda mfupi kuliko tunavyodhani. Siku itafika atatokea mtu atakayetaka kuzitengenezea sinema. Asipoipata hadithi yenyewe atabuni ya kwake, na watoto wetu watakua wakidhani hiyo ndiyo waliyosimuliwa babu zao.

Lakini lililo kubwa ni lile la nyumbani. Mzazi hana uwezo wa kuwazuia watoto wa kijiji kizima wasimcheke mwanawe, na hajui kama ukungu utakuja siku moja ili wamhitaji. Alilo nalo uwezo ni kuhakikisha kwamba mtoto huyo, akiondoka nyumbani, anaye mtu wa kumwandikia barua.