Mahakama Imemwachilia, Faili Bado Linamshika

NG'AMBO YA KIVUKO
Na Mwanaisha Bakari

Aprili 2015, siku tano tu baada ya wanafunzi kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Inspekta Jenerali wa Polisi alitoa orodha ya watu na mashirika zaidi ya 80 aliowashuku kuwa na uhusiano na Al-Shabaab. Miongoni mwao yalikuwamo mashirika mawili ya kutetea haki ambayo watu wa Mombasa wanayajua vizuri, Haki Africa na MUHURI. Yalipewa saa 24 yajieleze. Akaunti zao za benki zikafungwa. Maafisa wa ushuru wakaingia ofisini wakatoka na kompyuta na makaratasi.

Ilipofika Novemba ndipo Jaji Anyara Emukule wa Mahakama Kuu ya Mombasa alipoamuru akaunti hizo zifunguliwe. Kwa hiyo neno la polisi liliwafikia wenye benki na wenye ushuru kwa siku chache, na kulirudisha nyuma kukachukua miezi saba, tena kwa mashirika yenye mawakili na yenye sauti magazetini. Kijana wa bodaboda wa Mlaleo, asiye na wakili wala rafiki mwandishi, atachukua muda gani?

Swali hili nimelibeba siku nyingi. Huku bara kwetu, Likoni, Kisauni na Changamwe, riziki nyingi hupitia mezani kwa afisa mwenye faili. Anayetaka kazi ndani ya bandari ya Kilindini au uwanja wa ndege wa Moi lazima apigwe msasa apate pasi. Anayetaka kuwa baharia, au kwenda Qatar na Saudia kulinda majengo, huombwa cheti cha maadili mema, na hapo alama za vidole vyake hulinganishwa na rekodi za Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Kazi serikalini zenye siri zina msasa wake, ambao sheria ya mwaka 2012 imeukabidhi kwa Idara ya Kitaifa ya Ujasusi, NIS. Hata kitambulisho, ambacho kwingine nchini hutoka kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, Mwislamu wa Pwani alizoea kukipata kwa kuulizwa kwanza babu yake alizikwa wapi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba msasa wa ziada wa vitambulisho umekwisha. Ni hatua ya haki, na ilichelewa mno.

Lakini yale maneno yaliyokwisha kuandikwa miaka yote hiyo hayakufutika kwa tangazo.

Tukumbuke mwaka 2014. Februari, polisi walivamia Msikiti Musa na kushika watu 129. Novemba wakarudi hapo na kuvamia msikiti wa Sakina pia, kisha wakaingia misikiti ya Swafaa na Minaa kule Kisauni, wakazoa mamia. Wengi wa walioshikwa katika misako hiyo hawakupatikana na hatia yoyote. Na tangu magenge ya mapanga yaanze kusumbua Kisauni na Likoni, misako ya usiku imekuwa mazoea: kijana anatolewa kwenye kibaraza, analala korokoroni, anapigwa chapa ya vidole, asubuhi anaambiwa aende nyumbani. Yeye anaona yamekwisha. Miaka kadhaa baadaye anaomba pasi ya bandari, anaambiwa subiri, kisha anaambiwa tutakupigia. Hakuna anayempigia, na hakuna anayemwambia ni idara ipi iliyosema nini.

Sisemi idara zisipashane habari. Likoni tumezika waumini waliopigwa risasi kanisani Machi 2014, na sitaki kuandika mstari mmoja utakaowasahau. Ninajua pia madhara ya ofisi kukaa kila moja na siri yake. Mwingereza Jermaine Grant alishikwa na polisi wetu mwaka 2008 karibu na mpaka wa Somalia, akaponyoka wapiganaji walipovamia kituo. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2011, alikutwa Kisauni, akiishi katikati yetu. Mwaka 2019 mahakama ya Mombasa ilimtia hatiani kwa kuwa na vifaa vya kutengenezea bomu. Mtu aliyewahi kuwa mikononi mwa polisi aliweza kurudi na kupanga nyumba mtaani. Habari zake zilistahili kusafiri, na kwa haraka.

Ninachokipinga ni safari ya upande mmoja. Tuhuma inatoka polisi, inafika NIS, inafika uhamiaji, inafika kwa mwajiri wa serikali. Hukumu ya kumwachilia mtu inabaki masjala ya mahakama, kwenye kabati, mpaka mwenyewe aende kuitafuta.

Wenzetu wa Canada waliyalipia makosa haya. Polisi wao waliwapa Wamarekani habari zisizothibitishwa kuhusu raia wao Maher Arar, na mwaka 2002 Wamarekani wakamshika New York wakampeleka Syria, ambako aliteswa. Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilimsafisha mwaka 2006. Januari 2007 Waziri Mkuu Stephen Harper akamwomba radhi na serikali ikamlipa dola milioni 10.5 za Canada. Marekani ilikataa kumtoa kwenye orodha yake ya washukiwa hata baada ya hapo. Nchi iliyotoa habari mbaya ilijirudi, iliyopokea haikujirudi. Ikiwa kulisafisha jina lake kuligonga mwamba hata palipokuwa na jaji, waziri mkuu na mamilioni ya dola, kijana wa Mtongwe atasaidiwa na nani?

Sheria tunayo, na imekaribia kutosha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kudai habari zisizo sahihi juu yake zirekebishwe, na inamtaka aliyezigawa achukue hatua za kuwajulisha aliowagawia. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kisha unafika kifungu cha 51 unakuta msamaha kwa jambo lolote lililo la lazima kwa usalama wa taifa. Mlango uliofunguliwa na kifungu kimoja umefungwa na kingine, na umefungwa mbele ya watu wale wale wanaouhitaji zaidi. Katiba nayo, ibara ya 47, inasema mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa serikali apewe sababu kwa maandishi. Nionyeshe kijana wa Changamwe aliyenyimwa pasi akapewa barua yenye sababu.

Wabunge wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kazi hii ni yenu. Rekebisheni kifungu cha 51 ili neno usalama wa taifa lisitoshe peke yake. Idara iliyopeleka tuhuma ilazimishwe kupeleka uamuzi wa mahakama kwa ofisi zile zile, ndani ya siku 14. Na anayenyimwa kazi au hati kwa ripoti ya idara nyingine aambiwe jina la idara hiyo, ajue mlango wa kubisha. Habari za kijasusi zinaweza kubaki siri bila jina la ofisi kufichwa.

Nawe uliyewahi kushikwa ukaachiliwa na mahakama, usingoje mswada. Nenda masjala ya mahakama uchukue nakala ya uamuzi yenye muhuri. Iandikie DCI barua ukitaka rekodi yako irekebishwe, ambatisha nakala, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data. Fanya hivyo sasa, kabla hujaomba kazi.