Je, Gari la Kuruka Litatufaa?

Huenda umekwisha kuona picha zake. Siku hizi vijana huonyeshana kwenye simu. Ni gari lenye magurudumu manne. Linakwenda barabarani kama magari mengine. Halafu linafungua mabawa, linakimbia, linapaa kama ndege. Watazamaji hushangaa. Wengine husema: "Basi shida ya barabara imekwisha. Tutaruka juu ya matope. Kwa nini tuhangaike na madaraja?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kutazama picha si kosa. Lakini watu wakiacha kuzibua mitaro ya barabara kwa kungojea gari la kuruka, watangoja sana. Mimi naona gari hilo halitakuwa chombo cha kila siku, wala kwetu wala huko linakotengenezwa. Nitakueleza kwa nini, nawe upime mwenyewe.

Kwanza ujue kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1947, huko California, Marekani, kampuni ya ndege iitwayo Convair ilijaribu gari la namna hiyo. Lilikuwa gari dogo lililofungwa mabawa na injini ya pili juu yake. Mwezi Novemba mwaka huo liliishiwa mafuta likiwa angani, likaanguka. Rubani, yaani mwendeshaji wa ndege, alipona. Inasimuliwa kwamba chombo hicho kilikuwa na matangi mawili, moja la kutembelea barabarani na jingine la kurukia. Rubani alitazama geji ya tangi la barabarani, akaona mafuta yapo. Kumbe tangi la kurukia lilikuwa karibu tupu!

Mmarekani mwingine, Moulton Taylor, alifanya vizuri zaidi. Gari lake, Aerocar, liliruka mara ya kwanza mwaka 1949. Likifika chini, mabawa yalifunguliwa, yakakokotwa nyuma kama tela. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilikubali kwamba linafaa kuruka. Hata hivyo yalitengenezwa sita tu. Wanunuzi hawakutosha.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1973 Henry Smolinski na Harold Blake walifunga mabawa ya ndege kwenye gari dogo la Ford Pinto. Tarehe 11 Septemba mwaka huo bawa moja lilivunjika wakiwa angani. Wote wawili walikufa.

Na miaka hii? Stefan Klein wa nchi ya Slovakia ametengeneza gari liitwalo AirCar. Juni 2021 liliruka kutoka mji wa Nitra hadi mji wa Bratislava kwa dakika 35. Likatua, likakunja mabawa, likaingia mjini kama gari la kawaida. Januari 2022 likapewa hati ya kuruka. Hiyo ni kazi kubwa, na mimi simcheki. Lakini tazama vizuri. Liliondoka kwenye uwanja wa ndege, likatua kwenye uwanja wa ndege. Linahitaji njia nyoofu ya karibu mita 300 ili lipate kupaa. Dereva wake lazima awe rubani mwenye leseni. Na kati ya miji hiyo miwili kuna barabara nzuri ya lami.

Sasa tufike kwenye mzizi wa jambo lenyewe, nao ni uzito.

Fikiria umepakia gunia la mahindi kwenye baiskeli. Ukichoka, unaiegemeza kwenye mti. Wewe unapumzika, unakunywa maji, na gunia liko pale pale. Nani analibeba? Ardhi inalibeba, tena bila malipo. Angani hakuna wa kukubebea. Chombo kinachoruka hujibeba chenyewe kwa kusukuma hewa kwenda chini, tangu kinapoondoka mpaka kinapotua. Kikiacha kusukuma, kinashuka. Ndiyo maana helikopta hunywa mafuta kwa wingi hata ikiwa imetulia mahali pamoja hewani.

Wapo wanaotengeneza vyombo vya kuruka kwa umeme wa betri. Vina mapangaboi mengi, na vinapaa wima bila uwanja mrefu. Vinaruka kweli. Tatizo ni betri. Kilo moja ya petroli ina nishati, yaani nguvu ya kufanyia kazi, zaidi ya mara 40 ya ile iliyo katika kilo moja ya betri za leo. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kama joto, lakini bado petroli inashinda. Kwa hiyo betri zenyewe zinakuwa mzigo. Abiria wanakuwa wachache na safari inakuwa fupi. Kampuni mbili za Ujerumani zilizojaribu kazi hii, Lilium na Volocopter, zilifika mahakamani mwaka 2024 kueleza kwamba zimeshindwa kulipa madeni.

Halafu kuna kuharibika. Gari likizimika barabarani, abiria hushuka wakalisukuma pembeni. Fundi huitwa. Wengine hununua miwa huku wanangoja. Angani hakuna pembeni. Ndiyo maana ndege hukaguliwa kila mara kabla ya kuruka, na baadhi ya sehemu zake zina muda wa kubadilishwa hata kama bado zinaonekana nzima. Je, ni nani kati yetu anayekagua hata breki za baiskeli yake kila asubuhi?

Tena fikiria mahali pa kutua. Chombo kinachopaa wima hupuliza upepo mkali chini yake. Mahindi yaliyoanikwa kwenye mkeka, nyasi za paa la jirani na vumbi la njia nzima vitapeperuka. Mbuzi watakata kamba.

Kuna hoja moja ambayo naiheshimu. Rafiki yangu aliniambia hivi: "Hata simu tuliambiwa lazima kwanza nguzo na nyaya zifike kila kijiji. Lakini simu ya mkononi ilikuja, ikaruka nguzo zote. Kwa nini gari la kuruka lisiruke barabara?" Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Jibu langu ni hili. Simu inabeba sauti, na sauti haina kilo. Gunia la mahindi lina kilo 100, nalo litakuwa na kilo 100 mwaka huu na miaka 50 ijayo.

Lakini hoja yake ilinisaidia kuona kitu kingine. Kuna vitu vyepesi vinavyotakiwa haraka. Mfuko wa damu ya kumwongezea mgonjwa una karibu nusu kilo tu. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini na kuidondosha kwa mwavuli. Hapa Tanzania, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018, ndege ya namna hiyo ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Ilikwenda kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Kwa njia ya nchi kavu safari ilichukua saa 6. Hapo anga inatufaa kweli, nami naunga mkono kwa mikono miwili.

Utauliza: na mgonjwa mahututi je? Yeye si mwepesi. Ndege za madaktari zimekuwa zikifuata wagonjwa wa Afrika Mashariki tangu mwaka 1957. Zinatua hata kwenye viwanja vya udongo. Lakini zinafika kwa sababu kuna marubani waliosomea kazi hiyo, mafundi wanaozitunza, na watu waliofyeka kiwanja na kufukuza ng'ombe. Tena ndege moja huhudumia nchi kubwa. Hakuna aliyesema kila nyumba iwe na yake.

Mama mwenye uchungu wa kuzaa atatoka nyumbani kwake kwa njia ya ardhini, hata kama damu imefika zahanati kwa njia ya anga. Atabebwa kwa machela, kwa baiskeli au kwa pikipiki. Kalavati la korongoni likiwa limejaa mchanga, maji ya masika yatapita juu ya njia na kuikata. Basi kabla mvua hazijaanza, nenda ukalitazame kalavati la njia yenu. Kulizibua ni kazi ya majembe na makoleo, kwa siku moja au mbili.