Meza aliyouawa Rwagasore isisahauliwe

KILA ifikapo Oktoba 13, viongozi wa nchi hupanda kilima cha Vugizo kuweka mashada ya maua kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Ni jambo jema na hatuna sababu ya kulibeza. Lakini je, ni vijana wangapi wa hapa Nyakabiga wanaofahamu kwamba shujaa huyo hakuuawa vitani wala barabarani, bali mezani, akila chakula cha jioni na wenzake?

Kwa faida ya wasiojua, tukumbushane. Septemba 18, 1961, chama cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 vya Bunge. Rwagasore, akiwa na umri wa miaka 29, akawa Waziri Mkuu. Siku 25 tu baada ya uchaguzi huo, akiwa katika mgahawa wa Hoteli Tanganyika mjini Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, alipigwa risasi iliyotoka gizani nje. Aliyeifyatua, Mgiriki Jean Kageorgis, aliuawa kwa hukumu ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya Uhuru. Wengine watano, wakiwamo vigogo wa chama cha PDC, walinyongwa Gitega Januari 15, 1963. Mjadala kuhusu mkono wa Ubelgiji haujafungwa: serikali yetu iliutuhumu waziwazi mwaka 2018, na mwaka 2021 mtafiti wa Kibelgiji, Ludo De Witte, akaandika kitabu kizima juu ya suala hilo.

Kwa nini tunaugusia mgahawa? Kwa sababu mgahawa si kuta na viti tu. Usumbura ilikuwa mji uliogawanywa: Wazungu na mitaa yao, Waafrika na yao, kama Buyenzi na Bwiza, enzi hizo ikiitwa Belge. Mrundi kuketi kwenye meza ya hoteli ya mjini akiwa mkuu wa serikali ilikuwa ishara kwamba zama zimebadilika. Waliomwinda waliilenga ishara hiyo pia.

Baadaye nasi wenyewe tuliugawa mji. Mwaka 1994 na 1995 mitaa ilitenganishwa kwa damu, na mtu wa Kamenge hakuthubutu kuja kunywa Nyakabiga, wala wa Nyakabiga kwenda Kamenge. Baa na kabare, ambako wazee walizoea kuchangia mtungi mmoja kwa mirija, zikawa mipaka. Ndiyo maana tunasema amani ya nchi hii haipimwi kwa saini za Arusha za mwaka 2000 peke yake. Hupimwa kwa nani anakaa na nani jioni, kwenye sahani ya brosheti na ndagala, bila kugeuka kutazama mlango.

Sisi tuliosomea uhamishoni Tanzania tulifundishwa Azimio la Arusha hadi tukalikariri. Habari za Rwagasore tulizipata kwa wazazi, usiku, baada ya chakula. Leo tunasimama mbele ya wanafunzi waliozaliwa humu humu mjini, na wengi wao humjua kwa jina la barabara tu. Hata uwanja wa michezo uliobeba jina lake uliitwa Intwari kuanzia mwaka 2019.

Rai yetu ni hii. Mosi, pawekwe kibao mahali alipouawa, chenye tarehe na maelezo kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Pili, shule za mjini ziwapeleke wanafunzi hapo, si Vugizo tu. Tatu, wazee wa Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga waliouona mwaka 1961 kwa macho yao warekodiwe sasa. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule amekwisha kuvuka 75, na kila msiba mtaani unaondoka na sehemu ya ushahidi.

Kazi hii haihitaji wafadhili wala kamati kubwa. Inahitaji walimu, daftari na kinasa sauti. Tuianze kabla ya Oktoba 13 ijayo.