Saratani Hii ya Damu Ina Dawa, Lakini Haingoji Basi la Nairobi

Kati ya saratani za damu zinazomvamia mtu ghafla, iko moja inayoweza kuua kwa siku chache, na hiyo hiyo ndiyo inayotibika vizuri kuliko wenzake. Madaktari huiita APL. Ni adimu, na aghalabu haichagui wazee. Huwapata vijana na watu wa makamo wenye watoto wa kulea.

Kinachoua mwanzoni ni damu isiyoganda. Ufizi watoka damu, ngozi yafanya alama za damu kuvilia bila mtu kugongwa, hedhi haikatiki, kisha siku moja damu yavujia ubongoni. Kwetu Pwani dalili hizi zina tafsiri zake: mswaki mgumu, joto, husda. Wengine hukimbilia kung'oa jino, na hapo ndipo damu hukataa kukatika kabisa.

Tiba ilitoka China. Mwaka 1985, huko Shanghai, Dkt. Wang Zhenyi alimpa mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mahututi dawa iitwayo ATRA, jamaa ya vitamini A, akapona. Seli za APL ni kama watoto waliogoma kukua. ATRA huzilazimisha kupevuka. Kutoka Harbin ikaja dawa ya pili, arseniki. Naam, ile sumu. Ikitiwa kwenye mshipa kwa kipimo, huvunja protini mbovu inayozizuia seli kukua. Utafiti wa Italia na Ujerumani uliochapishwa 2013 uliwatazama wagonjwa wasio katika kundi la hatari kubwa. Waliopewa dawa hizi mbili bila kemotherapi, asilimia 97 walimaliza miaka miwili wakiwa hai na ugonjwa haujarudi. Waliopewa ATRA na kemotherapi walikuwa asilimia 86. Shirika la Afya Duniani liliitia ATRA katika orodha ya dawa muhimu 2015, na arseniki 2019.

Elimu basi ipo. Kinachotupiga chenga ni saa. Mwongozo wa wataalamu wasema daktari akiishuku tu APL kwa kutazama damu kwenye darubini, aanze vidonge vya ATRA siku hiyo hiyo, asingoje majibu ya vinasaba. Sasa mfikirie mgonjwa wa Faza: boti hadi Mokowe, barabara hadi Mombasa, kisha barua ya rufaa ya Nairobi, kilomita 480 nyengine. Sampuli ya damu yaweza kusafiri. Mtu anayevuja damu hafai kupakiwa basi.

Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Sioni haja ya kila kaunti kuweka dawa ya ugonjwa adimu hadi muda wake upite kabatini. Lakini kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao, ambayo tumezoea kuisikia kwenye makongamano ya hoteli. Nayo ichangie akiba moja pale Makadara, ya wiki za mwanzo kwa wagonjwa wachache, na daktari wa damu wa kupigiwa simu usiku na mchana. Vidonge peke yake havitoshi. ATRA yaweza kuleta homa, uvimbe na kukosa pumzi, kwa hivyo si dawa ya kumezwa nyumbani. Na chembe za kugandisha damu zataka wachangiaji kila mara, maana hazikai zaidi ya siku chache.

Kisha pesa. SHA ilipoanza Oktoba 2024, fungu la saratani lilikuwa Sh400,000 kwa mwaka, na nyongeza ya Sh150,000 zile zikiisha. Hizo ni za kaya nzima. Nyumba ambayo bibi anatibiwa saratani ya matiti, kijana akipata APL, wawili hao hugawana fungu hilo hilo, ilhali arseniki hutiwa kila siku kwa wiki kadhaa, halafu mizunguko mingine ya miezi. Wabunge wetu wakirudi kujadili viwango vya SHA, wadai kikomo kihesabiwe kwa mgonjwa, si kwa kaya.