Tom Akipigwa Kikaango Kila Mtu Hoi, Angekuwa Binadamu Je?

Paka anabamizwa kikaango, uso wake unachukua umbo la kikaango. Analipuliwa na baruti, anabaki mweusi tii akipepesa macho. Sekunde tatu baadaye mzima kabisa, anamkimbiza panya. Tangu Tom na Jerry waanze mwaka 1940, vizazi na vizazi vimecheka mpaka mbavu zikauma, na madogo wa Ifakara wanacheka vilevile leo kwenye simu ya mama.

Sasa mtoe Tom. Weka dogo wa darasa la pili, kikaango kilekile, mlio uleule. Hakuna anayecheka. Mzazi anazima TV.

Watengeneza katuni wanaijua tofauti hiyo siku nyingi, na wanaitumia. Kwenye vitabu vya mwanzo vya Ninja Turtles, maadui wanaokatwa mapanga ni watu. Katuni ya TV ilipotoka mwaka 1987, maadui walewale wakageuzwa maroboti, panga likaendelea kufanya kazi yake bila mzazi kulalamika. Samurai Jack ya 2001 nayo hivyohivyo: jamaa anachana maroboti mwanzo mwisho, kinachomwagika ni oili. Kipigo hakikupungua. Kilichobadilika ni mpigwaji tu.

Yaani swali halikuwa "fujo hii imezidi?" Swali lilikuwa "anayepigwa ni nani?"

Na wanyama wenyewe wamepangwa madaraja. Kwenye The Lion King ya 1994, Mufasa akikanyagwa na nyumbu hata watu wazima wanajifuta machozi. Ana sauti, ana mtoto, ana jina la maana. Fisi wa filamu hiyohiyo wakipata shida hakuna anayeguswa. Mmoja wao ameitwa Shenzi, na kila Mswahili anajua hilo si jina la kumpa mtu unayetaka apendwe.

Wapo watakaosema ni utani tu, mbona hata bibi alisimulia Sungura akimponza Fisi? Kweli kabisa. Ila kwenye ngano Fisi anaponzwa na tamaa yake, na akiumia ameumia. Msikilizaji anaondoka akijua ubaya una bei. Kwa Tom hakuna bei yoyote. Tatizo la katuni hizi si kipigo, ni kipigo kisichouma.

Kwa mtoto wa Bonde la Kilombero jambo hili lina uzito wake. Dogo wa Masaki tembo anamjua kwenye TV. Dogo wa vijiji vya chini ya milima ya Udzungwa anamjua kwa mpunga uliolazwa chini usiku mmoja. Mto Kilombero una mamba na viboko wa kweli, na familia ya mvuvi haihitaji katuni kuambiwa nani anaweza kumuua nani. Kumtaka mkulima amlilie tembo kama anavyoliliwa Mufasa ni kumkosea adabu. Hasira yake ina sababu.

Lakini mbwa wa mtaani pale Kibaoni hajala mpunga wa mtu. Anarushiwa jiwe, analia, anachechemea, watu wanacheka. Paka anafungwa kopo mkiani, simu zinatoka mfukoni, klipu inapostiwa, emoji za kucheka zinajaa. Tofauti na Tom, mbwa huyu hainuki baada ya sekunde tatu. Mguu uliovunjika umevunjika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo, ila nani ataikumbuka sheria ikiwa tangu utotoni kilio cha paka kwake ni mlio wa kuchekesha?

Hakuna haja ya kufungia katuni. Mzazi anaweza kukaa na mtoto dakika tano na kuuliza swali moja tu: "Huyu angekuwa paka wa kweli, ingekuwaje?" Na watengenezaji wa hapa nyumbani wameshaonyesha kwamba inawezekana. Akili and Me, inayotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, ina kiboko na simba ambao ni marafiki wa msichana mdogo, na watoto wanaipenda bila mtu kulipuliwa.

Kilombero yenyewe ina hadithi iliyo tayari. Chini ya Udzungwa kuna wakulima waliozungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na jitu zima lenye uzito wa tani kadhaa linageuza na kutimua mbio. Mpunga unapona, tembo anapona, asali inabaki kwa mkulima. Hiyo ni katuni kabisa, inachekesha kuliko kikaango, na hakuna aliyevunjwa mguu.

Yupo pia sheshe, swala wa bonde hili, ambaye idadi yake imeshuka sana. Dogo wa Ifakara anamjua Jerry wa Marekani kuliko yeye. Atakayemchora sheshe, akampa jina, sauti na mama anayemtafuta jioni, atakuwa amemfundisha mtoto kitu ambacho Tom hajawahi kumfundisha: kwamba asiye binadamu naye huumia.