Saa Mbili Asubuhi ni Saa Mbili



Wazazi wengi wasemao Kiswahili hapa Husby, Stockholm, siku hizi humwambia mtoto "saa nane asubuhi" wakikusudia saa mbili, kwa sababu simu na ratiba ya shule zimeandika 08.00. Toleo hili tumeliandaa kuipinga tabia hiyo.

Wenye kuitetea hunyoosha kidole dirishani. Hesabu yetu ilizaliwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, na saa ya kwanza huhesabiwa tangu macheo. Stockholm, Desemba, jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Juni, saa nne usiku bado lipo. Ni kweli. Lakini hiyo 08.00 nayo hailifuati jua la Husby. Ni mapatano ya watu, na mapatano yetu yana nasaba yake. Jirani zetu wa Ethiopia wanahesabu kama sisi.

Tazama juma lenyewe. Ijumaa ya swala ikishapita tunaanza upya: Jumamosi, Jumapili, mpaka Jumatano, ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, na kwa Kiarabu hiyo nayo ni ya tano, maana Waarabu huanzia Jumapili. Hesabu mbili zimekaa ndani ya juma moja kwa karne nyingi bila ugomvi. Wazee wa pwani wakaongeza miezi inayohesabiwa tangu saumu iishe, mfungo mosi hadi mfungo tisa, na watu wa Makunduchi, Zanzibar, wangali wanauoga mwaka mpya, Mwaka Kogwa, kwa kalenda ya jua yenye asili ya Uajemi. Mtoto anayenyimwa maneno haya ananyimwa historia ya Bahari ya Hindi.

Kunyimwa huko kunaweza kufika mbali. Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, Japani, walikuwa na neno moja, cup, kwa jua, kwa mwezi wa angani na kwa mwezi wa kuhesabu siku. Watoto wao walisomeshwa kwa Kijapani kizazi baada ya kizazi, na leo wasemaji waliokulia katika lugha hiyo ni wachache mno.

Sisi tuna njia ya kuepuka hayo. Uswidi ilianza mageuzi ya kufundisha lugha za nyumbani mwaka 1977, mwaka uleule treni ya chini ya ardhi ilipofika Husby. Wakipatikana wanafunzi watano katika manispaa na mwalimu anayefaa, somo hutolewa. Mzazi, omba nafasi hiyo shuleni kwa mwanao, na nyumbani mwambie saa mbili.