Namba ya toleo haitoshi kuilinda seva

Aprili 7, 2014 ulimwengu ulitangaziwa tundu lililopewa jina la Heartbleed, ndani ya OpenSSL, maktaba ya programu ambayo seva nyingi huitegemea kusimba mawasiliano yake. Mtu aliipelekea seva neno fupi na kuiomba ilirudishe, huku akidai kwamba neno hilo ni refu sana. Seva haikuhakiki. Ilichota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake na kumkabidhi, na humo mliweza kuwa na nywila za watumiaji, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Tundu hilo lilikuwamo tangu toleo 1.0.1 la Machi 2012. Nchini Kanada, mamlaka ya kodi ilikiri kwamba namba za utambulisho za walipakodi wapatao 900 zilikuwa zimeibwa.

Tiba ilitoka siku hiyohiyo katika toleo 1.0.1g, na hapo ndipo kosa ninalotaka kulijadili lilipojitokeza. Mwenye seva ya Red Hat Enterprise Linux 6 alisasisha kama alivyoelekezwa, akaiuliza mashine ina toleo gani, ikajibu 1.0.1e. Ni rahisi kudhani kwamba hakuna kilichofanyika, kisha kwenda kupakua msimbo mpya na kujijengea maktaba kwa mkono. Kumbe Red Hat, kampuni inayosambaza mfumo huo, ilikuwa imelichukua rekebisho na kulishonea katika toleo la zamani, ili programu zinazolitegemea zisivurugike. Kilichobadilika ni mkia wa namba ya kifurushi, 1.0.1e-16.el6_5.7. Aliyejijengea maktaba yake alijitoa mwenyewe kwenye ulinzi. Mfumo hauitambui nakala hiyo, na tundu lijalo litakapozibwa, kiraka hakitaifikia mpaka yeye akumbuke. Akihama kazi, huondoka na kumbukumbu hiyo. Ndiyo maana nasema taasisi ichukue maktaba ya usimbaji kutoka ghala rasmi la msambazaji wa mfumo wake, kifurushi kikiwa na saini yake, na si penginepo.

Wapo watakaosema kwamba msambazaji naye hukosea, na ni kweli. Mwaka 2006 watunzaji wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, waliondoa mistari michache katika OpenSSL, na kwa karibu miaka miwili mifumo yao ikatengeneza funguo zinazokisika, kwa kuwa kwa kila aina ya ufunguo zilibaki takriban 32,768 tu za kuchagua. Lilikuwa kosa kubwa, wala sioni sababu ya kulipunguza. Lakini lilipogunduliwa Mei 2008, rekebisho lilipita njia ileile ya vifurushi, pamoja na orodha ya funguo dhaifu za kukataliwa. Asiye kwenye njia hiyo angepataje habari? Tena, kukimbilia kila kipya kuna hatari zake. Machi 2024 mlango wa siri ulikutwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana mafaili, na mifumo ya kibiashara iliyotulia kwenye matoleo ya zamani yenye viraka haikuguswa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaoendesha huduma: kusasisha huzimisha kazi, na programu ya zamani inaweza kugoma. Hofu hiyo ni halali, na jibu lake ni seva ya majaribio na muda wa matengenezo uliopangwa na kulipiwa na uongozi, badala ya kumwachia kijana wa TEHAMA ajitafutie usiku. Wakaguzi nao wabadilike. Waandaaji wa OpenSSL waliacha kulihudumia toleo 1.1.1 kwa umma Septemba 2023, ilhali Red Hat inaendelea kulitilia viraka ndani ya toleo la 8 la mfumo wake. Mkaguzi anayesoma namba pekee atalitangaza limekufa. Aulize kifurushi kimetoka wapi, na kilisasishwa lini. Kisha aulize swali ambalo husahaulika hata na mafundi wazuri: je, huduma ziliwashwa upya? Huduma iliyokuwa ikiendelea wakati kifurushi kinabadilishwa huendelea kuitumia maktaba ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu, pamoja na tundu lake.